Ukoo wa Ognyan

Benchi la kona ya barabara inayoteremkia mto Danube, mjini Ruse, halikosi watu. Liko kati ya mashine ya kahawa na mti mkubwa wa kivuli, ambao huko huitwa lipa, na juu yake, ghorofani, kuna ofisi ya watu watatu ambao zamani walikuwa wanne. Mwezi wa nane ofisi hiyo ni tanuri, kwa hiyo kazi hufanyika chini, kompyuta mapajani, kikombe cha karatasi pembeni. Alhamisi hiyo kijiwe kilikuwa na wenyewe. Alikuwapo Meya, yaani Mzee Dimo, fundi redio mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kutoa amri kuhusu mambo yasiyomhusu. Alikuwapo Korongo, yaani Plamen, mtu wa mitambo ya ofisi, mrefu mpaka magoti yake humkaribia kidevuni akikaa. Na alikuwapo Tsvetelina, mwandishi wa programu, ambaye wenzake walimwita Dakika kwa sababu kila akiulizwa jambo hujibu "dakika moja". Siku hiyo kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Bado nyeupe? aliuliza Korongo.

— Nyeupe pee.

— Magari yote?

— Hapana. Ya kawaida yanafunguka. Ya viti vya magurudumu ndiyo yamegoma.

Meya alitema ganda la mbegu ya alizeti.

— Joto hilo. Nyaya zinatanuka, herufi zinadondoka njiani. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mzee, leo hakuna wingu hata moja.

— Ndiyo maana nikasema joto.

Dakika hakucheka. Programu yao iliwapangia kazi madereva wanaowatoa wagonjwa wa figo vijijini na kuwapeleka hospitali wakasafishwe damu. Dereva hufungua simu, anaona nyumba, saa, na kama mgonjwa ana kiti cha magurudumu. Zamu ya mchana huanza saa saba na nusu, na saa sita ilikuwa imeshapita. Tangu asubuhi, madereva wa magari yenye viti walikuwa wakifungua simu na kukuta ukurasa mtupu, bila neno hata moja la kosa. PHP, lugha iliyoandikiwa programu hiyo, ikisusia kazi mbele za watu huweza kunyamaza kimya. Sababu huiandika pembeni, kwenye seva, na tangu mazungumzo ya kuiuza programu yaanze, bosi wao Venelin alikuwa amewanyang'anya wote ruhusa ya kusoma huko. Walibakiwa na njia ya kupandisha na kufuta mafaili tu.

— Mpigie Venelin, alisema Korongo.

— Nimepiga. Yuko Sofia na wanunuzi. Hapokei.

— Basi ndio hao, alisema Meya. Wanunuzi wameiangusha makusudi, bei ishuke.

— Wangeangusha nusu tu?

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo inaingiaje hapa, Mzee Dimo?

— Itaingia. Subiri. Au basi ni meli. Jana nimeona tishari limetia nanga upande wa Waromania, mahali pasipotiwa nanga. Waya unapita chini ya mto. Nanga imekata nyuzi za viti, imeacha nyuzi za magari ya kawaida.

Korongo alijifuta jasho shingoni.

— Dakika, pandisha ya jana. Jana ilikuwa inafanya kazi. Tutatafuta kosa baadaye.

— Dakika moja.

— Hatuna hiyo dakika. Pandisha ya jana.

— Siwezi.

Alilisema bila kuinua macho. Korongo alimtazama, naye Dakika akaendelea kubonyeza vitufe ambavyo alijua havisaidii kitu.

Kabla hajaulizwa zaidi, gari jeupe lilipanda ukingo wa barabara na kusimama karibu na mashine ya kahawa. Alishuka kijana mpana wa mabega, shati limemganda mgongoni, simu mkononi.

— Ofisi ya magari ya wagonjwa ni hapa?

— Ni sisi, alisema Dakika.

— Naitwa Erol. Nimeanza kazi wiki hii, gari la viti. Dada, simu yangu haionyeshi kitu.

— Tunajua. Tunashughulika.

— Nimeambiwa kuna bibi kwenye mji mdogo wa Marten. Jumanne alikosa zamu, miguu imevimba. Hospitali wamesema leo asikose kabisa. Jina lake sijui, nyumba sijui. Nimewauliza hospitali, wakasema orodha iko kwenu.

— Marten si kubwa, alisema Meya. Uliza mtu.

— Nimeuliza, mzee wangu. Duka limefungwa, watu wako mashambani.

Erol alirudi garini, akaacha mlango wazi, akakaa mguu mmoja nje.

Simu ya Dakika ikalia. Alikuwa Venelin, naye aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyetoka chumbani mara moja.

— Nimeona umenipigia. Sikiliza, usiguse kitu. Wanaitazama sasa hivi, wameipenda.

— Bosi, viti vya magurudumu havifunguki. Wagonjwa wanasubiri.

— Hapa hakuna anayeangalia viti. Nipe nusu saa.

— Nusu saa itakuwa tumechelewa.

— Tsvetelina. Usiguse.

Akakata. Meya alimeza mbegu pamoja na ganda lake. Halafu akageuza shingo kuutazama mti wa lipa. Kwenye shina palibandikwa tangazo la msiba lenye picha ya mtu mwenye ndevu fupi: Ognyan Rusinov, miezi sita tangu atutoke. Ndiye aliyekuwa wa nne. Alianguka wakati wa theluji, koleo mkononi, mbele ya geti la mama yake.

— Mimi nasema kitu, mkicheka shauri yenu. Nusu mwaka ikitimia, roho hupita kukagua vitu vyake. Ognyan amepita. Amekuta kitu hakimpendezi.

— Acha zako, Mzee, alisema Korongo.

— Kuna mtu amegusa kitu chake. Damu nzito kuliko maji.

— Acha, nimesema.

Katika yote aliyosema mzee tangu asubuhi, joto, wanunuzi, nanga, hilo ndilo lililokaribia ukweli, na ndilo lililomvunja nguvu Dakika.

— Ni mimi, alisema.

— Ni wewe nini?

— Nimelitoa jina lake. Jana jioni. Venelin aliniambia wanunuzi hawataki kulipia programu yenye jina la mtu kila mahali. Nimeweka Patnik, jina la kuuzia. Ndiyo maana siwezi kurudisha ya jana. Ya jana ni Ognyan mwanzo mpaka mwisho, na wao wako mle ndani wanaisoma.

Korongo alinyoosha miguu yake mirefu, akaikunja tena.

— Umelitoa wapi?

— Kila mahali.

— Hata kwenye faili la Gari?

— Nilianzia hapo.

— Gari aliliandika hapa, Dakika. Umekaa palepale ulipokuwa umekaa siku ile.

Dakika alikumbuka vizuri. Alikuwa mgeni wa kazi, na Ognyan alimwekea kompyuta mapajani akamwambia asiogope. Klasi, alimwambia, ni kielelezo: unaandika Gari mara moja, lina dereva, lina njia, lina saa. Kisha kwenye faili jingine unaandika Gari la Kiti, linarithi yote ya baba yake na kuongeza lake, ngazi ya umeme ya kupandishia kiti. Lakini Magari duniani ni mengi, kila mtu ana lake, kwa hiyo juu ya kila faili unaandika ukoo. Wenyewe wanaita neimspesi, alisema, wewe ita ukoo. Mkiwa ukoo mmoja, unaita "Gari" tu, nyumbani wanajua. Ukitoka nje, lazima useme Gari la kina nani. Halafu kwa mzaha akauita ukoo wote kwa jina lake, maana hakukuwa na jina jingine la kuuita.

— Angalau ungeniambia, alisema Korongo. Mimi ndiye niliyebeba jeneza lake.

— Ningekuambia ungenikataza.

— Ningekukataza, ndiyo.

— Na ningefukuzwa. Nina mtoto wa kusomesha, Plamen.

Kutoka garini Erol aliita, si kwa ukali:

— Dada, saa saba kasoro.

Korongo alivuta pumzi, akasogea karibu naye mpaka mabega yakagusana.

— Haya. Tutagombana jioni. Kwako inafunguka?

— Kwangu inafunguka bila shida. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa.

— Gari la Kiti pia?

— Hata hilo.

— Basi kompyuta yako ina kitu ambacho seva haina.

— Mafaili ni yaleyale. Nimeyapandisha mwenyewe.

— Usiniambie ulichopandisha. Niambie ulichofuta.

Dakika akasimamisha vidole. Kule kwenye seva alikuwa amelifuta folda zima la zamani, lenye jina la Ognyan, kwa mkono wake, akitazama pembeni kama mtu anayeng'oa kibandiko kwenye kidonda. Kwenye kompyuta yake hakulifuta. Hakuweza. Alinakili mafaili, akayapa ukoo mpya, na ya zamani akayaacha palepale.

— Baba wa zamani, lile Gari la Ognyan, bado anakaa kwangu, alisema polepole.

— Mfute.

Kidole cha Dakika kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akabonyeza.

Akafungua ukurasa wa viti tena, na safari hii kwake pia ulianguka. Lakini kompyuta yake haikuwa imezibwa mdomo kama seva, kwa hiyo kosa likaandikwa waziwazi: klasi Gari ya ukoo wa Ognyan haikupatikana.

— Nani anamwita huko? aliuliza Korongo.

— Dakika moja.

Safari hii hata dakika haikufika. Gari la Kiti halikukaa pamoja na wenzake. Ognyan alilihifadhi kwenye folda la peke yake, pamoja na mambo ya ngazi na mikanda, na Dakika alipobadilisha majina hakulifungua folda hilo. Juu ya faili palikuwa bado pameandikwa ukoo wa Ognyan. Chini yake, kwenye mstari wa kurithi, Ognyan alikuwa ameandika "Gari" tu, bila kusema Gari la kina nani, kama anavyoita mtu aliye nyumbani kwao. Na nyumbani hapakuwa na mtu. Baba alikuwa amehamishiwa Patnik, mtoto akabaki anamwita kwenye nyumba tupu.

— Mbadilishe ukoo naye, alisema Korongo.

— Kuna mafaili mengine ambayo sikuyagusa, yanamwita yeye kwa jina lake refu la zamani. Nikimhamisha yeye, nitawahamisha na hao, na saa hizi sijui wako wapi wote.

— Sasa?

— Naongeza mstari mmoja. Nampa anwani ya baba yake. Ukoo wake nauacha.

— Jina litabaki.

— Kwenye faili hili litabaki.

— Wanunuzi wataliona.

— Wakiliona watauliza.

Aliandika mstari wenyewe, mfupi kuliko sentensi yoyote waliyosemezana siku hiyo: ukitaja Gari, ni Gari la Patnik. Akajaribu kwake. Ukurasa ukafunguka. Kisha akatazama simu yake iliyolala kifudifudi kwenye benchi.

— Kakwambia usiguse, alisema Meya, na sauti yake haikuwa ya kuamuru.

— Nimesikia alichosema.

Akapandisha faili. Mstari wa bluu ulitembea kwenye kioo polepole kuliko siku zote, ukakwama karibu na mwisho, wote watatu wakaukodolea macho, ukamalizika.

— Erol. Fungua upya.

Kijana alifungua. Waliuona uso wake ukibadilika kabla hajasema.

— Imekuja. Marten. Geti la kijani karibu na kisima. Bibi Vasilka, kiti, apandishwe kwa ngazi ya nyuma. Na wawili wengine kijiji cha Sandrovo. Nawahi, nikienda sasa nawahi.

— Nenda basi, alisema Korongo.

Meya alinyanyuka, akatia sarafu kwenye mashine, akamletea Dakika kahawa ya moto bila kuulizwa. Dakika akakishika kikombe kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyazuia, maana bado kulikuwa na jioni ya kugombana, na baada ya jioni, Venelin.

Simu yake ikaanza kutetemeka kwenye ubao wa benchi. Alikuwa ni yeye. Dakika hakuipokea.

Erol alikuwa ameshafunga mlango na kuwasha gari. Akashusha kioo.

— Dada, jambo dogo. Hapa chini kwenye programu kuna namba, wameandika ukipata shida piga. Nimeipiga tangu asubuhi, haipatikani. Ni ya nani?

Dakika alikuwa amepita karibu mafaili yote akiwinda jina la Ognyan, wala hakufikiria kwamba mtu huacha na namba. Korongo aliinamisha kichwa.

— Haitumiki tena, alisema Dakika mwishowe.

— Nilijua tu. Haya, nifute hii, niweke ya mwingine, maana nikikwama njiani na yule bibi sitaki kuhangaika. Anayeshughulika na sisi sasa ni nani?

Simu ya Dakika iliacha kutetemeka, ikaanza tena. Erol alingoja, kidole gumba juu ya kioo, akimtazama Dakika, kisha Korongo, kisha mzee.

— Jina tu, alisema. Niandike nani?