Miaka Kumi na Tisa ya Kukaimu

Ndugu waombolezaji, dada tunayemsindikiza leo, ambaye wasichana wa timu ya kikapu ya chuo walimwita Mama Ribaundi, yaani mdaka mipira inayorudi kutoka golini, alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, akiwa mtoto wa tatu wa mama muuguzi na baba karani wa reli, na mdogo wake anayemfuata ndiye anayesoma historia hii kwa niaba ya familia, akiomba radhi mapema endapo sauti itampanda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya bweni, ambako urefu wake ulimfanya achekwe muhula wa kwanza na kugombewa na timu zote muhula uliofuata, na mwaka 1990 alihitimu ualimu wa michezo, akaajiriwa na chuo ambacho uongozi wake umeketi hapa safu ya mbele.

Septemba 2005 kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu alihamishwa, marehemu akateuliwa kukaimu kwa miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu, ndugu zangu, imekwisha Alhamisi iliyopita. Mkuu wa chuo wa kwanza alimwambia hana cheti cha ukocha, akaenda kukisomea kwa likizo zake, wa pili akamwambia bajeti haijakaa sawa, wa tatu akamwambia suala lake linashughulikiwa, na huku akipigwa danadana hivyo timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo mara nne. Mwaka 2013 ingeutwaa tena, lakini saini ya kaimu haikutosha kutoa basi, mwenye saini alikuwa safarini, wasichana wakafika uwanjani wapinzani wameshapewa ushindi wa mezani. Jioni ile alirudi nyumbani, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994 na fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye marehemu alimpelekea ringi ya goli iliyovunjika, naye fundi akaichomelea vibaya mara mbili, jambo ambalo sisi mashemeji hatujawahi kuamini kuwa ni bahati mbaya. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume daktari wa mifugo, wa kike mchezaji wa netiboli, kosa ambalo mama yake alimsamehe kwa mbinde.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, nahodha wake wa zamani, ambaye sasa anafundisha chuoni hapo, akaishika timu na kupita wodini kila jioni kumpa habari za mazoezi, na huko ndiko marehemu alikomwambia, mdogo wake akisikia, kwamba wakimpa ukocha aupokee, wakimpa kukaimu akatae katakata. Alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024.

Jumatatu, mwili ukiwa bado mochwari, chuo kilimteua nahodha huyo kukaimu. Amekataa. Familia inaona fahari, na familia inaumia, maana wasichana wale wanafanya mazoezi peke yao na ligi inaanza wiki ijayo. Mkuu wa chuo, shada lako tumelipokea kwa heshima, lakini tumechoka, na jibu tunalitaka kwako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliofunga maturubai haya, na walimu wenzake waliomshikia vipindi bila kunung'unika.

Pumzika kwa amani, dada. Timu yako haina kocha, na mbele ya jeneza lako hatuwezi kukudanganya kwamba inaye.