Waya Usiofika Kitini

"Wakaguzi wanakuja kesho, sitaki wakute mzazi amekaa chini kama mzigo," alisema sista mkuu, na muuguzi wa zamu akamjibu, "Basi king'oe kile kiti, sista, ukisogeze hapa," na wakati wakigombana hivyo mdogo wangu alikuwa na siku saba tu duniani, amelala kifuani kwa mama sakafuni, mapigo yake yametulia, hajui kwamba anagombaniwa. Ndugu waombolezaji, naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoamuliwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi, saa moja na robo asubuhi, akiwa na kilo mbili na gramu mia moja, mtoto wa tatu kwa mama na wa kwanza wa kiume, tukamwita Meneja, maana akipiga chafya tu wodi nzima inasimama. Shule hakusoma, kazi hakufanya, ndoa hakufunga, lakini ugonjwa haukumsubiri, siku ya pili daktari aliona moyo wake una tundu, akaagiza asitolewe kwenye mashine ya ukutani inayopima mapigo, na kila siku alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Wodi ilikuwa na mashine, na ilikuwa na kiti kizuri cha kuegemea, ila kiti kilifungwa kwa skrubu upande wa pili wa chumba kisije kikaibiwa. Mimi nilipoacha shule kidato cha pili nilishika ushonaji, futi ya kupimia haitoki shingoni, nikapima, waya wa mashine unaomfikia mtoto una sentimita mia moja na ishirini, na kutoka ukutani hadi kitini ni mia tatu na kumi. Baba akanitania, "Mwanangu, unaushonea ukuta suruali?" lakini muuguzi hakucheka, akatandika shuka sakafuni, chini ya mashine, mama akakaa hapo.

Jumatano tarehe 12 Machi asubuhi sista mkuu alimwinua mama, akamrudisha Meneja kwenye kitanda chake kidogo, akaniambia nifunge mdomo, wakaguzi wa utayari wa hospitali wakapita na fomu yao, mashine ipo, ndiyo, kiti kipo, ndiyo, habari ya waya fomu haikuuliza, nami nilisimama na futi yangu shingoni, nikafunga mdomo. Saa tano mashine ilianza kulia, na saa sita kasoro dakika kumi mdogo wangu alifariki.

Familia inamshukuru daktari, majirani waliotupikia siku zote hizi, mafundi wenzangu, na yule muuguzi wa shuka. Lala salama, Meneja, kifua cha mama bado ni chako.

Mashine ilipoanza kulia wakaguzi walikuwa wamefika mlangoni wakitoka, mkubwa wao akageuka, akasikiliza kidogo, akaongeza alama kwenye fomu, akamwambia sista mkuu, "Vizuri, na mashine inafanya kazi."