Mama Subiri, Opareta Aliyeitikia Posa Asiyoisikia

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Subiri, alizaliwa tarehe 3 Mei 1943 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi breki na mke wake, mfua nguo.

Alisoma shule ya wasichana kuanzia mwaka 1951 hadi darasa la nane, mwaka 1958. Ripoti yake ya mwisho ilisema ni msikivu, hasa kwa yasiyomhusu.

Januari 1962 aliajiriwa kuwa opareta wa simu katika hospitali kubwa, akakalia kiti kilekile miaka thelathini na sita. Kila aliyepiga alijibiwa, "Subiri kidogo, nakuunganisha," na jina likamganda. Madaktari wengi hawakuwahi kumwona uso mpaka siku ya kumuaga alipostaafu, tarehe 30 Juni 1998.

Tarehe 12 Desemba 1964 aliolewa na karani wa bohari, wakajaliwa watoto wanne. Mumewe alifariki mwaka 2003.

Baada ya hapo uzee ukabisha hodi. Magoti yalikataa ngazi, miwani ikaongezeka unene, na masikio yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, yeye aliyekuwa masikio ya hospitali nzima. Aliacha kwaya, akaacha kikundi cha wanawake cha Jumamosi, na kila alichoambiwa alijibu, "Bila shaka, karibu." Watoto wakadhani ni akili inayomtoka.

Machi 2011, jirani yake, seremala aliyefiwa na mke, alimsimamisha penye uzio akamweleza jambo kwa sauti ya chini. Marehemu, akidhani anaombwa ndoo, akasema bila shaka, karibu. Jumapili iliyofuata seremala alifika na kaka yake mkubwa, wote wamevaa suti, wameleta posa. Marehemu alipoelewa walichofuata alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akakiri kwa mara ya kwanza.

"Mimi sisikii vizuri, baba. Rudia, useme kwa nguvu."

Seremala akarudia, na mtaa mzima ukasikia. Marehemu aliomba wiki mbili za kufikiri; zikamtosha siku tatu.

Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, hakufurahi. Alimwambia mama yake kwamba katika umri ule watu watasema.

"Waache waseme," akajibu. "Siku hizi siwasikii."

Ndoa ilifungwa tarehe 16 Julai 2011. Binti alinuna miezi minne. Siku alipokwenda hatimaye kuwasalimu, alimkuta seremala akimsomea mkewe gazeti karibu na sikio, naye akibishana na kila habari. Ilikuwa miaka mingi tangu binti amsikie mama yake akibisha. Kinyongo kikaanza kumtoka.

Seremala alimpeleka marehemu kliniki, akapata kifaa cha kusikia. Alirudi kwenye kwaya, akawa anachelewa kidogo kila ubeti, na kudai kwamba wenzake ndio wanaokimbia. Miaka ya mwisho majina ya wajukuu yalimchanganya, lakini namba za simu za wodi zote alizitaja bila kukwama.

Mwaka 2021 moyo ulianza kuchoka na miguu ikawa inavimba. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, muda mfupi baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba sukari haitoshi. Mumewe alikuwa amekwenda kuileta.

Jeneza mnaloliona amelitengeneza mume wake. Macho yake hayasomi tena futikamba, hivyo binti mkubwa alikaa naye karakanani siku mbili, akimtajia vipimo kimoja baada ya kingine, na kumwita baba.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne aliowazaa na wawili wa mumewe aliowapata ukubwani, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Mola ampokee, ampe pumziko la amani.