Nyimbo Kumi na Moja za Joram Nyamweya

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu mlioko Al Mansoura mkipika chakula cha Ijumaa, na ninyi mlioko zamu West Bay mnaotusikiliza kwa sikio moja. Mimi ni Phyllis Cherotich. Leo tunamkumbuka Mzee Joram Nyamweya, aliyefariki hapa Doha Jumanne ya wiki iliyopita, Februari hii ya 2013. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Wengi wenu mlimjua kama dereva wa nyumbani kule Al Wakrah. Mlimwona kanisani, kwenye ibada zetu za Ijumaa, kiti cha nyuma, karibu na mlango. Hamkujua kwamba ndiye aliyetunga "Susana Vua Viatu". Hata mimi sikujua. Nilisali naye miaka sita bila kujua.

Turudi Nakuru, mwaka 1964. Muziki wa rock and roll ulikuwa umeingia mjini kwa santuri, na vijana walikuwa wakiucheza mpaka soli zinatoboka. Joram alikuwa karani kwenye stoo ya mbegu. Aliwakusanya vijana wanne, wakaunda bendi, wakaiita Menengai Jets. Yeye mwenyewe hakuwa na sauti ya kuimba. Alitunga nyimbo, na alikuwa meneja. Alitafuta kumbi, aliazima magitaa, hata suruali za wenzake alizipiga pasi kabla ya dansi.

Jumamosi moja alimwona msichana akicheza huku ameshika viatu mkononi, kwa sababu vilikuwa vipya na vilimbana. Wimbo ule aliuandika hapo hapo, nyuma ya pakiti ya mbegu za kabeji.

Walikwenda Nairobi kurekodi. Karani wa studio alitoa fomu, akauliza mtunzi ni nani. Joram akajibu, "Andika Wesley Koros." Wesley alikuwa mwimbaji wao, kijana mrefu, mwenye tabasamu la kuuza dawa ya meno.

Mpiga ngoma wao, Nahashon, alimvuta Joram pembeni. "Mbona unamwandika Wesley?"

"Watu wananunua sura. Hii yangu nani ataitaka?"

"Hiyo kweli," Nahashon akasema, wakacheka wote wawili. Kisha Nahashon akatia sahihi kama shahidi.

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyimbo kumi na moja alizitunga Joram. Zote kumi na moja ziliandikwa kwa jina la Wesley. Hakuibiwa. Alitoa mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa, akidhani anaisaidia bendi.

Bendi ilivunjika mwaka 1969. Wesley alifariki mwaka 1988. Mwaka 2001 Joram alikuja Qatar kuendesha gari la familia moja, na watoto wa nyumba ile aliwapeleka shule mpaka wakaota ndevu.

Binti yake, Kerubo, ni muuguzi hapa hapa Doha. Ameniambia hivi: "Baba hakuwahi kushika gitaa mbele yangu. Nilimjua kama mtu wa usukani. Siku moja mwaka 2010 nilikuwa naye garini, wimbo ule ukapigwa kwenye simu yangu. Akasimamisha gari kando ya barabara. Akaniambia, huyo Susana ni wangu. Nikamcheka. Nikamwambia, Baba, jua limekupiga."

Mwaka huo huo kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inatayarisha mkusanyiko wa nyimbo za zamani, wenye kitabu cha historia ya watunzi. Mzee Joram aliwapigia simu. Walimjibu kwa heshima. Walisema watoto wa Wesley wanaamini baba yao ndiye mtunzi, na fomu inasema hivyo. Alete shahidi aliyekuwepo studio, aape mbele ya wakili kabla ya Agosti kwisha. Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Nahashon, na Nahashon alikuwa mgonjwa Nakuru.

Kerubo alikuwepo wazee hao wawili walipozungumza kwa simu.

"Joram, bado unaendesha ngamia huko Uarabuni?"

"Naendesha Land Cruiser, mjinga wewe. Nahitaji uniapie."

Nahashon akasema, "Mimi nilitia sahihi kwamba ni Wesley. Nikiapa sasa, nakiri kwamba nilidanganya. Nitakiri. Lakini wewe uliyenituma kudanganya, njoo usimame karibu yangu. Sitaki kusimama peke yangu mbele za Mungu."

Joram alimwambia, "Nakuja."

Mnajua, wasikilizaji, jinsi tunavyotoka nchi hii. Bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya kafili, mwajiri wako, huvuki uwanja wa ndege. Kafili wa Mzee Joram hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Ulaya na familia yake kwa sababu ya joto. Alipopigiwa simu alisema vizuri tu, "Inshallah, nikirudi Septemba." Mzee alipiga tena. Akapiga mara ya tatu. Kila asubuhi aliliosha gari ambalo halikuwa likienda popote. Tulifunga na kuomba pamoja naye siku tatu, ingawa hakutuambia ni kwa ajili ya nini.

Nahashon alifariki tarehe ishirini na saba Agosti.

Septemba kafili alirudi akatia sahihi siku ile ile. Mzee alimshukuru, akamrudishia karatasi. "Nilimwuliza kwa nini haendi," Kerubo anasema. "Akaniambia, nikamwone nani?"

Kitabu kilitoka bila jina lake. Aliishi miaka miwili na nusu baada ya hapo. Wiki iliyopita mwili wake ulihitaji karatasi za kutoka nchini. Zilipatikana kwa siku mbili.

Kerubo, dada yetu, na ukoo wote wa Nyamweya kule Kisii, poleni sana. Nimesali wiki nzima nipate neno la kuwafariji. Sikulipata, na sitawadanganya. Ninyi mnaonisikiliza, kama kuna jambo lenu ambalo ni mtu mmoja tu anayeweza kulishuhudia, mpigieni leo.

Sasa nitaupiga wimbo wenyewe. Kanuni ya kituo chetu ni kusoma jina la mtunzi kama lilivyo kwenye lebo. Niliomba ruhusa nisome jina la Mzee Joram. Niliambiwa nilete shahidi. Kwa hiyo nasoma kama ilivyoandikwa. "Susana Vua Viatu." Bendi ni Menengai Jets. Mtunzi, Wesley Koros.