Bigga Laiti na Mibetula ya Bonde la Baridi

Siku ya Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, mchana, nyumbani katika Bonde la Baridi, walikuwepo mwanawe Jovnna, mkwewe Elle, mjukuu wake Ravna aliyekuwa amelala kwenye kapu pembeni ya kitanda, binamu na jirani yake Heaika, na nesi wa wilaya, Päivi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hakuondoka. Hao ndio waliomzunguka mama yetu mpendwa Bigga Laiti alipovuta pumzi yake ya mwisho, na kwa niaba yao na ya ukoo mzima tunaisoma historia hii fupi mbele yenu, ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 katika bonde hilo hilo, juu ya mto Teno, Utsjoki, kaskazini kabisa mwa Finland, akiwa mtoto wa pekee wa Mzee Ásllat na Mama Gáddjá, wafugaji wa kulungu wa theluji, wale wanaoitwa reindia, kama wazazi wao walivyokuwa. Bonde lilipewa jina lake kwa sababu majira ya baridi hewa nzito hushuka kutoka milimani na kutuama humo kama maji kwenye bakuli, na mibetula yake, miti yenye magome meupe, ndiyo iliyoitunza nyumba ile, ikatoa kuni za jiko, moshi wa kukaushia nyama, matawi ya kutandika sakafuni mwa hema, na kinga ya upepo kwa kulungu majike wanapozaa.

Mwezi Agosti 1955 alipelekwa shule ya bweni, ambako watoto walikatazwa kuongea Kisami, lugha yetu, akasoma huko hadi alipomaliza darasa la saba Mei 1962. Miaka ile hakupenda kuisimulia, ila kila Krismasi alimtaja mpishi mmoja, Hilja, aliyekuwa akichukua soksi zake zilizolowa na kuzianika juu ya jiko, bila kuagizwa na mtu.

Baada ya shule alirudi nyumbani kufanya kazi kwenye kundi la baba yake, na kiangazi cha mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na sita, aliona kwa mara ya kwanza viwavi wa nondo wakila majani yote ya mlimani, mpaka ukisimama kimya ukasikia vinyesi vyao vikidondoka kama manyunyu. Mama yake alilia, lakini Mzee Ásllat akasema, "Tulieni. Baridi itashuka bondeni, itayamaliza mayai yao." Akawa amesema kweli, kwa maana majira yale ya baridi yalikuwa makali mno, mayai ya nondo yakaganda na kufa kule chini hewa ilikotuama, na ingawa misitu ya mlimani ilikauka na haijarudi hadi leo, mibetula ya bondeni ilichanua majani kiangazi kilichofuata. Tangu hapo marehemu aliiamini baridi kama mtu anavyomwamini mzazi.

Alifunga ndoa na Niillas Laiti Jumamosi ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1971, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili. Binti yao, Máret, alizaliwa Februari 1973 akafariki kabla ya kufika ubatizo, lakini alikwishapewa alama yake ya kukatwa kwenye masikio ya kulungu ili mwenye mali ajulikane, kama kila mtoto wetu anavyopewa, na marehemu hakukubali alama ile irithiwe na mtu mwingine, akawa kila mwaka anamkata ndama mmoja kwa alama hiyo na kumwacha aishi mpaka azeeke. Jovnna alizaliwa tarehe 21 Juni 1975. Mzee Niillas alifariki kwa ugonjwa wa moyo Machi 1998, na marehemu akaendelea kuliongoza kundi pamoja na mwanawe.

Mwaka 2006 viwavi walirudi, safari hii pamoja na nondo wa aina nyingine, mdogo zaidi, ambaye wazee hawakumjua kwa sababu zamani hakuweza kuishi huku kwetu. Jovnna alitaka wawahamishe kulungu upande wa pili wa mto, ili mibetula ikinyauka angalau machipukizi ya shinani yasiliwe, lakini mama yake akamjibu kwa maneno ya babu yake, "Tulia, mwanangu. Baridi itashuka." Wakangoja, kama kila nyumba hapa ilivyongoja, na Desemba ikaja na mvua, Januari ikaja na mvua, bonde halikuganda hata mara moja kama linavyojulikana kuganda, viwavi wakaanguliwa tena mwaka 2007, na ule uliofuata, na kulungu wakayala machipukizi yote. Mibetula ya Bonde la Baridi ikakauka imesimama.

Hakulaumu mtu, wala hakukana kwamba neno lile lilikuwa lake. Mwezi Juni 2010, mizizi michache iliyobaki hai ilipotoa machipukizi, alizungushia wavu wa waya eneo la nyuma ya nyumba, jambo ambalo kwetu ni zito, kwa sababu malisho ni ya wote na hayafungwi. Kwenye kikao cha wafugaji Heaika alisimama akasema, "Dada Bigga, nasikia siku hizi unachunga visiki. Vimezaa vingapi mwaka huu?" Watu wakacheka, naye akajibu, "Vyangu havitoroki, mdogo wangu. Wako umewaona leo?" Wakacheka zaidi, na uzio ukaachwa usimame. Kwa miaka kumi alitembea kandokando yake kila asubuhi, mpaka machipukizi yakampita kimo, na Elle alipoletwa nyumbani akiwa bibi arusi mwenye hofu, mahali pa kwanza alipopelekwa palikuwa hapo, akaambiwa, "Watoto wako watakata kuni hapa."

Majira ya baridi ya mwaka 2020 mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, kulungu wakashindwa kuchimbua ukoga wa ardhini wanaokula, na mwanzoni mwa Juni milima ilikuwa bado myeupe huku majike wa Heaika wakizaa ndama bila kuwa na maziwa. Machipukizi ya ndani ya uzio ndiyo pekee yaliyokuwa yamefungua majani. Heaika hakuomba, alipita tu na kundi lake akiangalia chini, na marehemu akamwita kutoka mlangoni, "Heaika, walete mama zao humu. Fungua lango kabla sijabadili mawazo." Heaika akasema, "Dada, hii ni kazi yako ya miaka kumi." Akamjibu, "Najua kuhesabu. Fungua." Kisha akaingia ndani kuchemsha kahawa, akakata jibini na kuitumbukiza kikombeni mwa Heaika kama alivyopenda, wala hakuchungulia dirishani siku nzima. Wengi wa ndama wale walipona, na machipukizi yakabaki vijiti. Vuli hiyo Heaika alikuja bila kuitwa, akaukarabati uzio wote kwa waya wake mwenyewe, na tangu hapo wakaanza upya pamoja kuyalea machipukizi.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa hospitali ya Rovaniemi hadi Machi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jambo moja lilimsumbua mpaka mwisho, akamuuliza Jovnna mara nyingi, "Imeshuka mwaka huu?" Na Jovnna, ambaye hajawahi kumdanganya mama yake, akamjibu, "Kidogo, mama."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, nesi Päivi aliyeendesha gari kwenye barafu kuja kumgeuza kitandani, wafugaji wenzake waliolichunga kundi lake miezi yote hiyo, na majirani waliokuwa wakiacha samaki mlangoni bila kubisha hodi, wasimwamshe.

Mama Bigga, umechunga vya kutosha, sasa lala.

Jumatano iliyopita, tarehe 5 Juni, viwavi wa kwanza walionekana kwenye machipukizi ndani ya uzio, na asubuhi yake Heaika alikuja na ndoo ya kuwaokotea.