Mzee Kashindye na Panya Waliokataa Kuugua

Baada ya miaka ishirini na minane ya kutunza panya wa maabara yetu, Mzee Kashindye anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Nimeombwa kuandika mimi, bibi harusi wa juzi, nami nimekubali kwa moyo mweupe, maana mashaka yake ndiyo yaliyonipatia mume.

Alianza kama mwosha vizimba. Kila asubuhi, kabla hatujamwamkia, alikuwa ameshanusa kinyesi cha kila kizimba. Na kila chakula kipya kilipoletwa, alificha debe moja la kile cha zamani. Tulimcheka.

Mwaka 1996 tuliwapa panya dawa ya kuwavimbisha utumbo, tukapima kinyesi kuona bakteria gani wanapungua na gani wanaongezeka. Ghafla panya wakakataa kuugua. Daktari Odeta, mkuu wetu, alimshuku Mzee kuwa anabadilisha panya ili kuficha waliokufa. Akampa wiki mbili ajieleze, la sivyo aondoke.

Mzee naye akayashuku magunia. Kiwanda cha zamani cha chakula cha panya kilikuwa kimefungwa, tukawa tunawanunulia chakula cha kuku kwenye mashine ya kusaga ya mtu binafsi huko Nyakato. Aliyekileta ni Pius, kijana mwenye tabasamu la kuyeyusha moyo, na Mzee alimshuku maradufu kwa kukaa sana dirishani kwangu. "Huyu haleti pumba tu," aliniambia.

Akalifungua debe lake. Nusu ya panya wakala cha zamani, nusu kipya, na wote wakanywa dawa ileile. Siku ya saba waliokula cha zamani walihara damu. Wenzao walikuwa wanaparamia vizimba. Ndipo akamtuma Pius akaulize kule mashineni.

Pius alirudi kichwa chini. "Shikamoo, Mzee. Wanachanganya dawa ya kuua bakteria ili kuku wasihare. Kwenye gunia hawaandiki."

"Marahaba. Kumbe unasema kweli. Basi dirishani ruksa."

Bakteria wa utumboni walikuwa wamekufa, na bila wao utumbo haukuvimba. Daktari Odeta alimwomba Mzee radhi mbele yetu sote. Tangu hapo hakuna gunia linalotumika kabla ya kujaribiwa kwenye vizimba viwili.

Kwenye harusi yetu huko Kisesa, Mzee aliinusa pilau kwanza, kisha akala sahani tatu. Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi.

Asante sana, Mzee wetu. Nenda ukapumzike kwako Kamanga, uishi miaka mingi yenye afya. Debe tumelijaza, tutalificha palepale.

Gladness, mke wa Pius