Kisigino cha Chuma na Mteremko wa Lubaga

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Na ninyi mliosimama kule nyuma karibu na mlango, apewe sifa mara ya pili!

Mimi naitwa Atim. Wengi hapa mnanijua. Ni binti wa polisi, nimezaliwa barracks, nimekulia barracks, na mama yangu ni yule Mkenya aliyekaa upande wa akina mama, mwenye kitambaa cha bluu. Sitaki kuzunguka, mchungaji ameshanionyesha saa. Nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye kifo pale mteremko wa Lubaga, mimi na mtu mwingine ambaye damu yake ingekuwa juu ya kichwa changu mpaka leo. Na hata sasa mguu wangu unatetemeka. Mnauona? Wacha utetemeke, nitasema hivyo hivyo.

Nilipomaliza sekondari nilipata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya Nakasero. Ndugu zangu, Nakasero mnaijua! Wasichana wa pale wanatembea kama wamepimwa kwa rula. Na mimi natoka kwenye nyumba za mabati, mahali ambapo unapanga foleni ya maji na kuku wanapita katikati ya miguu. Nikanunua viatu. Vyekundu, mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mguu, kisigino chembamba kama kalamu na kirefu hivi. Angalieni mkono wangu. Hivi! Nikivivaa, bosi wangu namwona utosi.

Haikupita muda kisigino kimoja kikavunjika. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nikavipeleka Katwe, kwa sababu hakuna kitu mafundi wa Katwe wanakataa kutengeneza, iwe sufuria, mlango wa duka au meno ya baiskeli. Fundi akatoa visigino vyote viwili, akachomelea vya chuma, na chini akavinoa vikawa na ncha kama msumari.

"Nyabo," akaniambia, "hivi sasa si viatu tena, ni silaha. Usimkanyage mume."

"Sina mume."

"Basi utampata kwa nguvu!"

Karakana nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nilipenda sauti yake kwenye sakafu ya ofisi. Ko, ko, ko. Nilijiona mtu.

Ndugu zangu, wakati huo kulikuwa na kijana anaitwa Musoke, Mganda wa Lubaga, ameokoka, mnamjua, usijifiche Musoke. Tulikuwa tunataka kuoana. Ni yeye alinifundisha kuendesha gari, ile gari yake ndogo ya Japani, na karatasi zote nikapata. Shida ilikuwa mama yake. Mama Musoke alikuwa ananiogopa. Mimi! Na kilichomwogopesha ni Kiswahili.

Sisi watoto wa barracks Kiswahili tumenyonya. Lakini kwa Waganda wa umri wake, wakati wa vita, Kiswahili cha askari kilikuwa kinasimama kwenye kizuizi cha barabara, kina bunduki. Toka! Lala chini! Leta kitambulisho! Ukichelewa kuelewa, basi. Watu aliowajua walichelewa kuelewa. Vita vilikwisha, watu wakaanza kujenga kila mahali, lakini yeye akisikia Kiswahili redioni anaifunga. Musoke akaniambia, "Ukifika kwa Mama, Luganda tu. Hata ukijikwaa, jikwae kwa Luganda." Nikakubali. Naijua, nimeisoma shuleni na sokoni.

Basi siku moja Musoke alikuwa amesafiri kwa kazi, akaniachia gari nimpeleke mama yake soko la Nakasero. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa naye peke yetu wawili. Nikavaa vile viatu. Nilitaka amwone mtu wa ofisi, asione barracks. Mnanielewa akina dada? Mnanielewa sana, msiangalie chini.

Nikafika. Mlangoni nikavua viatu, kama desturi, nikapiga magoti, nikamsalimu vizuri na habari zote za nyumbani. Akajibu polepole, akinipima. Tukatoka. Nikafunga tena mikanda yangu. Yeye alipofika kwenye gari, amevaa gauni lake la gomesi la kitambaa kizito, akavua ndala zake, akaziweka chini kwa mpango, moja kando ya nyingine, akapanda pekupeku kama anayeingia sebule ya mtu.

"Maama, kwenye gari hatuvui," nikamwambia kwa Luganda.

Akaniangalia miguu. "Gari ya mwanangu ni nyumba yake. Mbona kwangu umevua na kwake umeingia na viatu?"

Nikacheka! Moyoni nikasema, huyu mzee wa zamani. Nilidhani ameziokota zile ndala akaziweka miguuni pake. Nikawasha gari.

Ndugu zangu, wewe ambaye hujawahi kuendesha na visigino vile, nisikilize. Goti linapanda juu. Wayo unaning'inia hewani, umesimama kwenye ncha tu. Hujui umekanyaga mafuta kiasi gani mpaka gari iruke. Nilikuwa naiona hiyo kila nikiendesha na kila mara nasema, nimeshazoea. Kumbe si kuzoea. Ni Mungu tu alikuwa ananivumilia.

Tukaanza kuteremka. Mteremko wa Lubaga mnaujua, unakushika kiuno unakusukuma. Mbele yangu baiskeli imepakia mikungu ya matoke. Nikataka kupunguza mwendo. Nikainua mguu kutoka kwenye mafuta niupeleke kwenye breki.

Mguu haukuja.

Ile ncha ya chuma ilikuwa imetoboa mpira wa kukanyagia, ule unaolala chini ya miguu ya dereva. Nikavuta. Ukaja na mpira mzima, ukajikunja, ukaingia chini ya pedeli ya breki. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, haishuki, imekalia lile fundo la mpira. Nikataka kutoa mguu kwenye kiatu, mkanda umefungwa kwenye kifundo. Nimejifunga mwenyewe! Na gari inazidi. Inazidi!

Nikaikwepa baiskeli, sijui nilivyoikwepa. Mwenye matoke akatukana. Barabara ikafunguka, na chini kabisa nikaona watoto wa shule na sweta zao za kijani, wameshikana mikono, mstari mrefu, wanavuka. Upande wa kushoto mama anachoma mahindi, mtoto amembeba mgongoni. Nitakwenda wapi? Niambieni, mngekwenda wapi?

Ndugu zangu, kitu kinachoniogopesha mpaka leo ni hiki. Mimi niliyeokoka, ninayeimba hapa kila Jumapili, mdomo wangu haukuweza kusema "Yesu". Ulikauka kama majivu. Mikono iliganda kwenye usukani. Breki ya mkono ilikuwa pale katikati yetu, naiona, na sikuweza kuachia usukani kuishika. Niliona sweta zile zinakuwa kubwa. Niliona kichwa cha mtoto mmoja kimegeuka kututazama, anatabasamu, amedhani tunacheza.

Hapo Luganda yote ikanitoka kichwani. Ikabaki lugha ya nyumbani, na sauti ikawa si yangu, ikawa ya Baba akiwa uwanja wa gwaride.

"VUTA HIYO CHUMA! VUTA! VUTAAA!"

Na Mama Musoke akavuta. Hakuuliza, hakunitazama. Alikaza nyayo zake tupu kwenye sakafu ya gari, akaishika ile breki ya mkono kwa mikono miwili, mikono inayotwanga karanga kila siku, akaivuta kama anang'oa mti. Gari ikalia. Ikageuka upande. Nikaona mchanga, lundo kubwa la mchanga wa mtu anayejenga, uko pale kando ya barabara kabla ya yule mama wa mahindi, nikaiingiza gari huko kifua kizima.



Halafu kupitia kioo nikaona sweta za kijani zinamaliza kuvuka, moja baada ya nyingine. Zote. Haleluya! Semeni haleluya!

Watu wakajaa. Mama wa mahindi alisema maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya madhabahu. Mtu mmoja wa bodaboda akachungulia miguuni pangu, akakata mkanda kwa kisu, akainua kiatu na mpira wake umening'inia kama samaki kwenye ndoano. "Jamani, njooni muone dereva!" Watu wakacheka, wengine wakashika vichwa. Mimi nilikuwa natapika dirishani.

 Mama Musoke akashuka, akanishika mkono, tukapanda mlima kurudi kwake, yeye pekupeku kwa sababu hakuwa na viatu, mimi pekupeku kwa sababu sikuweza kuviangalia vile vyangu. Tukafika uani. Na pale, ndugu zangu, mahali gari ilikuwa imesimama, zile ndala zake bado ziko. Moja kando ya nyingine. Zinangoja. Kama viatu vya mtu aliyekufa ambavyo hakuna mtu amepata nguvu ya kuviondoa.

Hapo ndipo nilianguka. Hapo ndipo Yesu alitoka mdomoni mwangu, mchana, kwenye vumbi, na majirani wanachungulia.

Sasa mngedhani ushuhuda umekwisha. Bado! Gari ilitoka kwenye mchanga siku ile ile. Mimi sikutoka. Nilimrudishia Musoke funguo. Nikawa nakwenda kazini kwa miguu, na ndala. Ofisini msichana akipita ko, ko, ko, jasho linanitoka mpaka kwenye mgongo. Nikifumba macho naona sweta ya kijani. Na hofu kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba yule mama atasema, "Sikuwaambia? Binti wa askari alitaka kuniua, na kwa Kiswahili." Musoke alikuja, sikutoka nje. Alituma salamu, sikujibu. Nilikuwa nimeshajihukumu. Nilisali, na kila nikisali naona kama nasali nikiwa ndani ya ile gari.

Halafu siku moja, saa za alasiri, mtoto wa jirani anakuja mbio: "Dada Atim, kuna mama getini anakuita!"

Nikaenda. Ni yeye. Mama Musoke, aliyekuwa akizunguka mtaa mzima asipite mbele ya kituo cha polisi, amesimama kwenye geti la barracks! Askari wa zamu alikuwa amemuuliza kwa adabu tu, "Mama, unamtaka nani?" na yeye akataka kulala chini kama zamani kizuizini, aliniambia. Lakini alisimama. Akajibu kwa Kiswahili. Yeye!

"Nataka Atim. Yeye natoa mimi kwa kufa."

Nikamwingiza ndani, Mama yangu akatandika mkeka. Nikaanza kulia, kuomba msamaha kwa Luganda, na magoti chini. Akanizuia.

"Sema ile yako," akaniambia. "Mimi nasikia. Ile siku nasikia yote. Miaka mingi mimi nachukia hii lugha, mtoto wangu. Lakini soja akipiga kelele, mimi nafanya kwanza, nauliza nyuma. Mkono yangu najua hivyo. Kama wewe nasema Luganda, mimi nauliza, mwanangu, nivute nini? Nivute ya nini? Unataka nivute polepole?"

Mama yangu akaanza kucheka, amejiziba mdomo.

"Tungekufa," akasema Mama Musoke, "tukizungumza vizuri!"

Tukacheka mpaka machozi yangu yakachanganyika, sikujua tena ni ya nini. Ndugu zangu, mnamwona Mungu? Ile hofu ambayo watu wabaya walimpandia moyoni, Bwana aliichukua ile ile, akaifanya mkono wa kuokoa watoto wa watu! Mimi sina elimu ya theolojia. Nasema nilichokiona.

Kabla hajaondoka akaniambia, "Jumapili nakuja kanisa yenu. Kurudi, wewe nanipeleka na gali."

"Maama, siwezi. Mguu unakataa."

"Basi mimi nakaa ndani ya gali mpaka mguu nakubali."

Jumapili yenyewe ni leo. Musoke amemleta asubuhi, mmemwona, amekaa hapa mbele na gomesi ya zambarau, amesikiliza Kiswahili tangu wimbo wa kwanza na hakuziba masikio. Na funguo hizi hapa. Zimelowa jasho. Musoke amesema atakwenda kwa miguu, msaliti.

Ndugu zangu, naogopa. Sitawadanganya madhabahuni. Wewe uliyekaa hapo na kitu chako kinachokutetemesha, ambacho hujamwambia hata mke wako, usingoje mtetemeko uishe ndiyo umwamini Bwana. Mimi wangu haujaisha. Nimevua viatu hapo mlangoni, na nitaingia kwenye ile gari nyayo tupu kama ninavyoingia nyumbani kwa mtu, na ninyi mtaniombea mpaka nifike juu ya Lubaga. Asante Yesu! Asante kwa mchanga, asante kwa ile mikono miwili!

Nilitaka nimwombe Mama Musoke asimame awasalimu, lakini nikitazama kiti chake, hayupo. Angalieni dirishani, ninyi wa upande ule. Ameshatoka. Ameketi mbele kwenye gari, mlango umefungwa, uso umetazama barabara. Na ndala zake ziko chini kwenye mchanga, moja kando ya nyingine.

Wacha niende nikaziokote. Mara hii tunaondoka nazo.